Nipeni Mji: Chemsha Bongo, Simu ya Mkononi na Rafu ya 967.8

Hotuba kwa wakutubi, Dar es Salaam

Kitendawili!

(Ukumbi: Tega!)

Ahsanteni. Wazee wetu, shikamooni. Wakutubi wenzangu wa maktaba za umma, za shule na za vyuo, na nyinyi vijana mnaosomea kazi hii, habari za asubuhi.

Mmeitika kabla hamjajua nitatega nini. Ndivyo tulivyolelewa. Mtoto akisikia neno lile, awe Mbagala au Masaki, huacha alichoshika akageuka. Na mnakumbuka kinachofuata watu wakishindwa. Mtegaji husema, "Nipeni mji." Mnampa Tabora, mnampa Tanga, anakwenda, anasimulia aliyoyala na aliyoyanywa huko, na baada ya hapo ndipo hutoa jibu. Ada ya kutojua ni mji. Nimefanya kazi ya maktaba kwa miaka 19, na ni juzijuzi tu nilipotambua kwamba mchezo ule wa barazani una karibu kila kitu ninachohitaji ili nimwite msomaji kupitia simu yake.

Nimeombwa nizungumzie mitandao ya kijamii na chemsha bongo za historia kama njia ya kuwavuta watu maktabani. Nitakaa zaidi kwenye chemsha bongo. Mitandao inakuja na kuondoka. Tulikuwa Facebook, vijana wakahamia Instagram, wadogo zao wako TikTok, na mama zao wote wako WhatsApp. Swali zuri linahama nao kokote waendako.

Fungueni ukurasa wa maktaba yoyote kati ya zetu, wangu wa zamani ukiwemo. Mtaona tangazo la kufungwa kwa sikukuu, picha ya mgeni anasaini kitabu cha wageni, picha ya kikao, bango la kutakiana heri. Hayo si mabaya, lakini yote yanatuzungumzia sisi. Hakuna hata moja linalomwuliza msomaji kitu. Mtu amesimama ndani ya mwendokasi kutoka Kimara, mkono mmoja umeshika bomba, mwingine umeshika simu. Kwa nini asimamishe kidole chake kwenye picha ya kikao chetu? Atapita, na ana haki ya kupita.

Ijumaa moja tukaweka maneno matupu, bila picha: "Kariakoo ni neno la lugha gani?"

Majibu yalianza kabla sijakunywa chai. Mmoja akasema Kizaramo. Mwingine akasema Kihindi, kwa sababu ya maduka. Mwingine akaapa kwamba ni jina la mzee aliyekuwa na shamba pale. Watu wakabishana wao kwa wao, nasi tukanyamaza. Hapo ndipo wengi wetu huharibu, tunakimbilia kutoa jibu kama mwalimu anayesahihisha mtihani. Sisi tulisubiri mpaka Jumamosi asubuhi, tukaandika mstari mmoja: "Anayepita Posta leo asimame kwenye sanamu ya Askari, asome maandishi yaliyo chini yake."

Nanyi mnaijua sanamu ile, pale Samora inapokutana na Azikiwe. Ilizinduliwa mwaka 1927. Maandishi yake ni ya lugha tatu, Kiswahili kikiwemo, na hayawakumbuki askari peke yao. Yanawakumbuka pia wachukuzi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Waingereza walipouchukua mji huu kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, waliweka kambi ya kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, mahali ambapo leo ni soko. Vinywa vya watu vikalifinyanga jina lile la Kiingereza mpaka likawa Kariakoo. Nairobi nako wana Kariokor yao, kwa sababu ileile. Wapagazi hao walichukuliwa vijijini, wakabebeshwa risasi na unga kuvuka nchi isiyo na barabara, na makumi ya maelfu yao walikufa kwa njaa, kuhara na homa, wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Askari amepewa sanamu. Mpagazi amepewa soko, na sisi tunaoingia sokoni kila siku kununua nyanya na vitenge tulikuwa hatujui kwamba tunamtaja.

Sasa sikilizeni kilichotokea, maana hiki ndicho kilichonibadilisha.

Siku ya Jumatatu alikuja kijana mmoja, fundi simu. Alikuwa amekwenda kuyasoma maandishi yale wakati wa chakula cha mchana. Akaniambia hajaingia maktaba yoyote tangu amalize kidato cha nne, akataka kitabu juu ya vita ile. Nikamwonyesha rafu. Akakaa mpaka tunafunga. Wakati anarudisha kitabu akasema, "Mama, kibanda changu kiko Mtaa wa Aggrey. Aggrey mwenyewe ni nani?"

Sikuwa na jibu la kutosha. Nikamwambia kesho arudi tutafute pamoja, naye akarudi. Tukamkuta James Aggrey, mwalimu kutoka Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, aliyepita Afrika Mashariki mwaka 1924 pamoja na tume ya elimu iliyotoka Marekani, akahutubia watu, akawaacha vijana wengi waliosoma wakiamini kwamba Mwafrika anaweza kusimama jukwaani akasikilizwa. Alifariki mwaka 1927, mwaka uleule wa sanamu yetu. Ijumaa iliyofuata swali letu likawa la fundi yule. Tangu hapo maswali mengi tunayoyaweka hatuyatungi sisi. Yanaletwa. Watu wanaoishi na kufanya biashara katika mitaa ya Narung'ombe, Tandamti, Sikukuu, Msimbazi na Congo wanataka kujua wanaishi ndani ya majina gani.

Ndiyo maana nasema swali letu lazima liwe na anwani. Chemsha bongo ziko tele mitandaoni, na nyingi jibu lake unalipata kwa Google kabla hujameza mate. Maktaba ikiuliza swali la namna hiyo haijamwita mtu yeyote, imempitishia muda tu. Swali letu ni lile ambalo nusu ya jibu inaonekana kwenye simu, na nusu iliyo tamu zaidi imekaa rafuni, na tunataja rafu yenyewe. Kwa mfumo wa Dewey, unaopanga vitabu rafuni kwa namba za mada, historia ya Tanzania iko 967.8. Sisi tunaiandika namba hiyo chini ya kila swali la Ijumaa, kama muuza kahawa anavyogonga vikombe ili ujue yuko wapi. Sasa wako wasomaji wanaokuja mezani na kusema, "Nataka 967.8," kama wanavyotaja namba ya nyumba ya rafiki. Ranganathan, mkutubi wa India, alipoandika kanuni zake 5 za ukutubi mwaka 1931, ya tatu ilikuwa kwamba kila kitabu kina msomaji wake. Nilipokuwa nasoma niliikariri ili nifaulu. Nilipomwona fundi simu na kile kitabu, ambacho kadi yake ilionyesha kimekaa miaka bila kuazimwa, ndipo nilipoielewa.

Nataka pia niwaambie nilipokosea, kwa sababu kosa hilo ni rahisi kulifanya na lina madhara.

Tuliwahi kuuliza, "Dar es Salaam ilianzishwa mwaka gani?" Tukasema wa kwanza kujibu sawasawa atapata zawadi. Jibu tuliloliandika lilikuwa 1862. Kijana akajibu ndani ya dakika mbili, tukampongeza. Siku mbili baadaye akaja mzee mmoja, mwalimu mstaafu, amepanda ngazi zetu kwa mkongojo. Akaketi, akaomba maji, akaniambia, "Mwanangu, mwaka huo mmeupata wapi?" Nikamtajia kitabu. Akaniomba vitabu vingine viwili vilivyokuwa nyuma yangu, tukavifungua pamoja. Kimoja kinataja 1865, kingine 1866. Vyote vinamzungumzia Sultani Majid wa Zanzibar na majumba aliyoanza kuyajenga hapa, lakini mmoja anahesabu tangu alipoamua, mwingine tangu ujenzi ulipoanza, mwingine tangu watu walipohamia. Mzee akafunga vitabu. Akasema, "Na watu wa Mzizima walikuwa wanavua samaki wapi alipofika?"

Sikupata usingizi vizuri usiku ule. Kwa swali moja la haraka nilikuwa nimewaambia mamia ya vijana kwamba mji wao ulianza siku sultani alipoufikiria, na kwamba kijiji cha Mzizima, na Wazaramo na Washomvi waliokuwa wakiishi pwani hii, hawahesabiki. Tukaandika sahihisho, tukaliweka juu kabisa ya ukurasa kwa wiki nzima. Kijana hatukumnyang'anya zawadi, kosa halikuwa lake.

Tulijifunza mambo mawili pale. Swali la "mwaka gani" tunaliuliza kwa nadra, na tukiliuliza tunauliza kwa nini vitabu vinatofautiana. La pili ni kwamba hatumzawadii tena aliyewahi. Aliyewahi mara nyingi ni mwenye bando kubwa na simu nzuri. Sasa tunapiga kura kati ya wote waliosema jibu lao wamelitoa wapi: kitabu gani, au bibi gani, au gazeti gani. Mtu akituandikia "nimeambiwa na bibi yangu, kazaliwa mtaa wa Gerezani," huyo ana chanzo, na anaingia kwenye kura.

Hapo kwa bibi ndipo nataka nikae kidogo.

Mwaka 2008 Maktaba ya Bunge la Marekani iliweka picha zake za zamani zipatazo 3,000 kwenye mtandao wa Flickr, ikawaacha watu waandike wanachokijua. Watu wakatambua mitaa, wakataja majina ya waliosimama pichani, wakasahihisha tarehe, na maktaba ile kubwa, yenye wataalamu wake wote, ikarekebisha kumbukumbu zake kwa kufuata maneno ya wananchi. Nilipolisoma hilo niliona aibu kidogo kwa picha zilizokuwa kabatini kwetu, zimeandikwa nyuma "mtaa, Dar es Salaam" na basi.

Tukaanza na moja. Picha ya barabara pana yenye miti pande zote na magari machache. Tukauliza, "Nani anapajua hapa?" Vijana wakakisia. Lakini majibu yenyewe yalikuja usiku, na hayakuja kwa maandishi. Yalikuja kwa sauti. Wazee wetu wengi hawachapi kwenye simu, macho yanawasumbua na herufi ni ndogo, lakini mjukuu akiwabonyezea kitufe cha kurekodi kwenye WhatsApp wanazungumza. Bibi mmoja alizungumza dakika kumi na moja. Alisema barabara ile sisi tunaiita Samora, kabla yake iliitwa Independence, na yeye alipokuwa binti iliitwa Acacia kwa ajili ya miti ileile. Akasema mahali gani walikuwa wanavuka upande wa pili ili wasipishane na nani. Hilo halimo katika kitabu chochote nilichonacho.

Wenzangu, sauti zile ni nyaraka. Simu ikianguka kwenye maji, zimekwenda. Kundi la WhatsApp si maktaba. Sisi tunazihamisha siku hiyohiyo kwenye kompyuta, tunaandika tarehe, mtaa uliotajwa na picha iliyomfanya mtu azungumze. Na tunampigia mzungumzaji, tunamwomba ruhusa ya kuhifadhi na, kando yake, ruhusa ya kurusha. Ni maombi mawili tofauti. Wako waliosema wekeni, msirushe, na tumeheshimu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, isomeni, lakini hata kabla ya sheria, mtu aliyekufungulia moyo wake usiku humtangazi asubuhi bila kumwuliza.

Swali la Kariakoo nalo lilirudi kwa njia nisiyoitarajia. Mama mmoja wa Temeke alituletea shairi. Babu yake alikuwa mpagazi. Amenipa ruhusa nisome ubeti mmoja:

Kariakoo sokoni, jina ni la wapagazi,
Mizigo yao kichwani, walipita njia hizi,
Wengi wakafa njiani, majina hayako wazi,
Swali lenu maktabani, limenitoa machozi.

Baada ya wiki moja akajibiwa kwa shairi na mtu wa Bagamoyo, kisha mwingine. Ukurasa wetu ukawa uwanja wa malumbano ya vina na mizani kwa mwezi mzima. Wapo wanaosema mambo haya ya kujibizana hadharani yameletwa na simu. Waingie bohari ya magazeti. Mambo Leo lilianza kuchapwa hapa Dar es Salaam mwaka 1923, na kurasa zake za mashairi zilikuwa mahali pa watu wa bara na pwani kutumiana beti, Shaaban Robert akiwa mmoja wao. Mwaka 1937 Erica Fiah akaanzisha Kwetu, gazeti la Mwafrika mwenyewe, katika mji huuhuu. Msomaji wa Kiswahili amezoea kujibu tangu zamani. Sisi ndio tuliomwekea bango la "Kimya!" kisha tukashangaa kwa nini hasemi.

Nawasihi mlio na magazeti hayo: yatoeni kidogokidogo. Tangazo moja la biashara la mwaka fulani, barua moja ya msomaji, bei ya sukari ya wakati ule. Picha iwe nyepesi, maana mtu anailipia kwa bando lake, na maneno muhimu yaandikwe pia nje ya picha ili asiyeifungua asikose. Kuhusu kazi za watunzi, pitieni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 kabla hamjarusha ukurasa mzima wa kitabu.

Mengine ni ya haraka. Akaunti iwe ya maktaba, kwa namba ya simu ya maktaba. Naijua maktaba iliyopoteza ukurasa wenye miaka ya kazi kwa sababu ulifunguliwa kwa simu ya mtumishi, akahamishwa mkoa, na namba ikafungwa. Swali liwe siku moja ileile ya wiki. Sisi ni Ijumaa jioni, watu wakiwa kwenye foleni. Na awepo mtu wa kujibu. Kuuliza swali kisha kuwaacha watu na maoni yao siku tatu bila neno ni sawa na kualika wageni ukafunga mlango.

Kuna anayeniuliza kila mara: je, wanakuja kweli, au wanajibu tu na kubaki nyumbani? Wengine wanabaki nyumbani. Sihuzuniki. Mama wa Temeke hajawahi kukanyaga kwetu, miguu inamsumbua, lakini babu yake sasa yumo katika kumbukumbu zetu. Huyo ni mtumiaji wa maktaba. Wanaokuja nao wanakuja kwa namna mpya, wakiwa na swali tayari mkononi, na mkutubi yeyote anajua tofauti ya mtu aliyeingia kukwepa jua na mtu aliyeingia anatafuta.

Nimalizie na majirani zetu wenyewe. Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, na iko kwenye barabara yenye jina la Bibi Titi Mohammed. Tuliwauliza vijana: kabla hajasimama majukwaani kuwaita wanawake wa mji huu wajiunge na TANU, Bibi Titi alikuwa anajulikana kwa kazi gani? Karibu wote walijibu ualimu. Alikuwa mwimbaji wa ngoma, katika kikundi kilichoitwa Bomba. Watu waliijua sauti yake kabla ya siasa, na siasa ikapita palepale ilipokuwa imepita ngoma. Binti mmoja wa kidato cha pili aliandika chini ya jibu lile neno moja, "Kumbe!" Nimeliona neno hilo mara nyingi tangu tuanze, nami hulisoma kila mara kana kwamba ni la kwanza.

Basi wenzangu, msiondoke bila mzigo. Kitendawili!

(Ukumbi: Tega!)

Mahali aliposimama Askari leo, kabla yake alisimama mtu mwingine wa shaba. Walioingia mwaka 1916 wakamshusha, akavushwa bahari, akasimamishwa tena katika mji mwingine mbele ya chuo kikuu, na mwaka 1968 wanafunzi wa chuo hicho wakamwangusha. Ni nani, na mji ule ni upi?

Simu zibaki mifukoni. Anwani mnayo, ni 967.8, nami nitakuwa pale mezani mpaka saa kumi na moja. Mkishindwa, nipeni mji.